Kawa na Ukungu

Kabla ya hoteli za Diani kufunga milango mwaka wa tisini na saba, palikuwa na elimu moja iliyofundishwa katika chumba cha nyuma, kati ya mashine za kufulia na kamba za kuanikia, ambayo hakuna shule iliyowahi kuitolea cheti. Ilikuwa elimu ya madoa. Mwalimu wake alikuwa Bi Chiku wa Msambweni, mwanamke mwembamba aliyejifunga leso kiunoni hata juu ya sare ya hoteli. Mwanafunzi wake aliyewapita wote alikuwa Jumwa Tsofa, aliyeteremka kutoka upande wa Kinango akiwa na miaka kumi na minane, mwaka ambao ukame ulimaliza mbuzi wa babake.

Kwa miezi mitatu ya kwanza Bi Chiku hakumruhusu kugusa sabuni. Alimweka mbele ya meza ya kioo yenye taa chini yake, ambayo juu yake kila shuka na kila kitambaa cha meza kilitandazwa kabla ya kukunjwa, akamwamuru aangalie na kutaja. Doa la chai ni jeusi ukingoni kuliko katikati. Doa la mafuta halina ukingo. Nguo hulimeza polepole. Kutu hutoka kwa limau, chumvi na jua la saa nne. Utomvu wa bibo la korosho hautoki kamwe, na mfuaji mwenye adabu hapotezi maji kwa ajili yake. Kisha ikaja kawa, vile vidoadoa vya kijivu vinavyoota kwenye nguo iliyowekwa kabatini na unyevu. Hapo Bi Chiku alikuwa mkali kuliko popote.

"Kawa ina nywele," alimwambia. "Doa jingine lolote limekaa, mwanangu. Kawa inatembea. Usipoitambua leo, kesho utaikuta kwenye shuka la jirani."

Jumwa alipenda kuisimulia miaka ile. Alikumbuka harufu ya pasi za mvuke asubuhi na mapema, kabla ya wageni kuamka, na kicheko cha wanawake kumi na wawili waliokuwa wakishindana kukunja. Alikumbuka jinsi wapishi walivyomletea kitambaa chenye alama isiyojulikana kwa wasiwasi wa mtu anayempeleka mtoto kwa mganga. Miaka hiyo ndipo alipoolewa na Kavumbi, fundi wa kuezeka makuti wa Mwabungo, akazaa naye watoto watatu, na ndipo alipomlilia Bi Chiku alipofariki mwaka wa tisini na moja. Meza ya kioo ikabaki mikononi mwake. Katika miaka yote hiyo wasimamizi sita wa hoteli walikuja na kuondoka, na hakuna hata mmoja aliyemwita kwa jina lingine zaidi ya "yule wa mashuka".

Agosti ya mwaka wa tisini na saba damu ikamwagika Likoni. Watu wa bara, waliokuwa wameishi Ukunda kwa miaka mingi wakifanya kazi za hoteli, wakakimbia na magodoro vichwani. Wageni wakakatiza safari zao, na wenye hoteli wakafunga. Wafanyakazi mia moja na arobaini walipewa barua zenye aya mbili. Waliobakizwa kazini walikuwa watatu: Rai mlinzi wa lango, fundi wa pampu, na Jumwa, kwa kuwa mashuka elfu mbili hayawezi kuachwa yenyewe pwani. Kisha zikaja mvua za El Nino, zisizokatika tangu Oktoba hadi mwaka mpya, na kila kitu chenye uzi kikaanza kunuka. Jumwa aliwasha balbu ndani ya makabati ya mashuka mchana na usiku, akageuza rundo baada ya rundo, na chumba kile kikawa mahali pakavu pekee kati ya Ukunda na bahari.

Ukavu huo ndio uliomleta Daktari Milcah.

Alikuwa mwanamke wa makamo kutoka Vihiga, mwalimu wa fizikia katika chuo kikuu kimoja cha Nairobi, naye alikuja Diani wakati ambapo watu wa kwao walikuwa bado wanaondoka. Chuo chake kilikuwa kimefungwa kwa mara ya pili katika mwaka mmoja. Chumba alichokuwa akifanyia kazi kilikuwa kimegeuzwa ghala la viti vibovu, na mkuu wa idara, alipoulizwa, alisema nyota hazitaondoka. Basi alichukua masanduku mawili ya bati yenye filamu arobaini na nane za anga la kusini, sehemu ya kazi iliyogawanywa kati ya vikundi vya nchi mbalimbali, akazileta katika nyumba tupu ya dadake huku Diani. Baada ya wiki tatu za mvua alifungua sanduku la kwanza akaona vidoa. Akazunguka akiuliza wapi pakavu. Rai ndiye aliyemjibu, kwa mzaha, kwamba pakavu ni pale mashuka ya Wazungu yanapolala kwa starehe kuliko Waafrika. Daktari hakucheka. Aliomba apelekwe kwa mwenye ufunguo.

Jumwa aliona kwanza masanduku, kisha akaiona meza yake ya kioo ikitazamwa kwa tamaa. Alikubali kwa sharti moja, kwamba mtu asilete chakula mle ndani.

Filamu zile zilikuwa pana kama sinia za mraba, na mambo yote ndani yake yalikuwa kinyume: anga lilikuwa jeupe na nyota zilikuwa nyeusi, maelfu kwa maelfu, kama shuka lililonyunyiziwa pilipili manga. Zilikuwa zimepigwa kupitia kioo chekundu, kinachoacha kupita mwanga wa aina moja tu, ule unaotolewa na gesi iliyopashwa moto. Kwa siku nyingi wanawake hao wawili walifanya kazi bega kwa bega bila mazungumzo marefu, mmoja akikunja, mwingine akiinama juu ya kioo cha kukuzia huku madirisha yamefungwa adhuhuri kweupe. Jumwa alidhani mgeni wake anatafuta nyota. Siku moja ya Aprili Daktari aliguna kwa furaha na kuweka kidole karibu na pembe ya filamu. Jumwa akatupa jicho kutoka alipokuwa.

"Samahani, Daktari. Hiyo ni kawa."

"Kawa ndiyo nini?"

"Ndiyo hiyo. Imeingia sandukuni. Itazame kwa ubavu, utaona nywele zake." Jumwa akasogea, akainama. "Lakini doa hili lililo chini kidogo, jembamba kama pumzi kwenye kioo, hilo halikuota. Hilo limo ndani pamoja na nyota."

Daktari Milcah alikaa na kioo chake jichoni kwa muda uliomtosha Jumwa kukunja mashuka manne. Hatimaye akauliza, kwa sauti ya mtu anayeogopa kulipuliza jambo lisije likaruka, angeliitaje hilo la ndani.

"Ukungu," alisema Jumwa. "Kama ule wa alfajiri juu ya mabonde ya Shimba."

Wakakubaliana hivyo. Kilichoota kwenye filamu kingeitwa kawa, na kilichokuwamo angani kingeitwa ukungu. Baada ya wiki moja walikuwa wamesahau kwamba waliwahi kuhitaji kukubaliana.

Siku hiyo hiyo Daktari alimweleza alichokuwa akikitafuta. Nyota kama jua letu, alisema, ikizeeka hufura ikawa kubwa na nyekundu, na nguvu za kujishika huiishia. Huanza kupumua mwili wake nje, gesi na vumbi, tabaka baada ya tabaka. Kinachobaki katikati ni kiini kidogo chenye moto mkali, nacho huliangaza lile vazi lililovuliwa, likaonekana kutoka mbali kama pete au kipovu. Halidumu. Baada ya makumi machache ya maelfu ya miaka, ambayo kwa nyota ni kufumba na kufumbua, husambaa na kutoweka, na vumbi lake huenda kuumba nyota nyingine na ardhi nyingine. Kaboni iliyomo katika jani la mkorosho ilipikwa ndani ya nyota za namna hiyo. Hivyo watu wa nchi nyingi walikuwa wakihesabu mavazi hayo yote kabla hayajatoweka, wapate kujua anga linarudishiwa kiasi gani.

Jumwa aliuliza swali moja tu: nani huyahesabu yaliyofifia kuliko yote, ambayo hata kioo hakiyaoni vizuri. Daktari akajibu kwamba hapo ndipo kazi ilipokwama. Kompyuta za wakati ule zilikosea kila penye hafifu. Yalihitajika macho.

Kuanzia hapo macho yaliyohitajika yakapatikana. Daktari aliandika barua, Jumwa akaanza kulipwa kama msaidizi wa utafiti, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alitia sahihi penye jina lake kamili. Likanunuliwa daftari kubwa lenye jalada gumu. Jumwa, aliyesoma mpaka darasa la saba kabla karo ya sekondari haijamshinda babake, aliligawa kwa rula: namba ya alama, namba ya filamu, mahali pake kwa milimita, upana wake, na mwisho neno moja la maoni. Kila alama aliiandika, iwe ya sandukuni au ya mbinguni, kwa sababu Bi Chiku alimfundisha kwamba doa lisiloandikwa litakuja kusingiziwa mwingine. Ukungu. Kawa. Kawa. Ukungu.

Ule ndio mwaka aliousimulia baadaye kwa sauti ya chini kuliko mingine. Hoteli ilikuwa kimya, bwawa la kuogelea limejaa vyura, na ngedere walikuwa wamehamia vyumba vya ghorofa ya pili kama wageni wenye hati zao. Ndani ya chumba cha mashuka mlikuwa na ujoto wa balbu na karatasi, na wanawake wawili waliojifunza kunyamaza pamoja. Rai alileta chai akaisimamisha mlangoni, kwa kuogopa sheria. Kavumbi alimuuliza mkewe siku hizi anafua nini, naye akamjibu kwamba anafua mbingu, na mumewe akasema basi na aanikie upande wa Kinango wapate mvua. Kufikia Krismasi daftari lilikuwa na alama mia moja na kumi na mbili. Sabini na moja zilikuwa za ukungu, na arobaini na moja za kawa. Kati yake ilikuwapo moja, ya sitini na tatu, ambayo Jumwa aliirudia kila Ijumaa kabla ya kufunga: pete karibu na mkia wa kundi la nyota la Nge, nyembamba kama alama inayoachwa na kikombe kilichokwisha kufutwa, ambayo haikuwamo katika orodha yoyote ambayo Daktari aliweza kuipata.

Februari ya mwaka wa tisini na tisa ulipangwa mkutano wa vikundi vyote, kusini mwa Afrika. Daktari Milcah alikuwa amekwisha kurudi Nairobi, chuo kimefunguliwa, na kwa kuwa hakuwa na nafasi ya kushuka alimtuma Austine, mhadhiri msaidizi wa idara yake, aje achape orodha ya alama za angani kutoka katika daftari na kuituma kwa faksi kabla ya Ijumaa saa sita. Jumamosi Daktari angepanda ndege.

Austine alikuwa na miaka thelathini na minne, shati lililopigwa pasi, na haraka. Hakuwa mtu mbaya. Alimsalimu Jumwa kwa "Sasa, mama," akashangaa kidogo kuona anga limewekwa kati ya foronya, akakaa na kompyuta yake ndogo akachapa kwa siku tatu bila kuuliza neno. Huko kutouliza ndiko kulikotaka kuharibu kila kitu. Msomi wetu aliyelelewa kuamini kwamba elimu inakaa katika lugha moja, hufikiri kwamba lugha nyingine haiwezi kumficha lolote.

Alhamisi alasiri alitoka kwenda kunyoosha miguu akaacha kurasa zilizochapwa mezani. Zilikuwa za Kiingereza, lakini namba ni namba. Jumwa akatafuta sitini na tatu. Haikuwapo. Akaona ya tisa, ya kumi na nne, ya ishirini, ya hamsini na nane, akazifuata kwa kidole mpaka chini, kisha akazifuata tena katika daftari lake. Austine aliporudi alimkuta amesimama.

"Bwana Austine, sitini na tatu iko wapi?"

"Hiyo nimeitoa, mama. Ilikuwa imeharibika. Si uliandika mwenyewe?" Akafungua daftari akamwonyesha kwa upole. "Ukungu. Zote zenye ukungu nimezitoa, ziko sabini na moja. Pole, lakini hii hewa yenu ya Pwani inakula kila kitu."

"Na hizi ulizoziacha?"

"Hizo ziko sawa. Umeandika kawaida. Kawa, kawa, kawa. Si ni kifupi chake?"

Jumwa alilivuta daftari kwake. Rai, aliyekuwa mlangoni na birika, alielewa kabla ya Austine, akaiweka birika chini taratibu.

"Kumbe bwana mkubwa anawapelekea wenzake hesabu ya uvundo wa kabati," alisema. "Na mbingu amezitia kapuni."

Jumwa alieleza. Alieleza kwa utaratibu, neno kwa neno, na kadiri alivyoeleza ndivyo uso wa Austine ulivyojifunga. Alitoa kamusi mkobani mwake akaonyesha kwamba ukungu ni kuvu. Kamusi ilisema hivyo kweli, na chini kidogo ilisema pia lile jingine, lakini mtu aliyekwisha kupata jibu hasomi mstari wa pili. Akasema kwamba haya yote yanaweza kuwa yamebuniwa sasa hivi ili kuziokoa alama zake. Akasema kesho saa sita ndiyo mwisho.

"Mimi siwezi kugeuza orodha ya kisayansi chini juu kwa sababu ya Kiswahili cha kufulia."

Jumwa alitoka, akavuka ukumbi uliokuwa na viti vilivyopinduliwa, akachukua simu ya mapokezi ambayo haikuwa imekatwa, akapiga Nairobi.

Daktari Milcah alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alisema kosa ni lake, kwamba alipaswa kuandika maana ya maneno yale mawili kwenye jalada. Alisema anamwamini. Lakini alisema pia jambo ambalo Jumwa hakuwa amelijua: wenzake wa nchi nyingine walikuwa wamekwisha kuuliza kwa barua, mara mbili, iwapo unyevu wa pwani haujaziharibu filamu zake.

"Kule mkutanoni nitasimama mbele ya watu ambao hawakuwa nasi chumbani," alisema. "Nikiziweka hizo sabini na moja, na moja tu ikagunduliwa kuwa kawa, watazitupa zote. Kazi yako yote, dada, na jina langu. Nikiziacha, nitasema filamu ziliharibika, na hakuna atakayejua kilichokuwamo. Niambie nifanye nini."

Jumwa alitazama ngazi za marumaru zilizoota majani. Alifikiria pete yake, iliyosafiri maelfu ya miaka kufika kwenye filamu ile, ikisomwa na mtu mmoja tu duniani, kisha ikarudishwa gizani kwa kosa la kamusi.

"Usiziache. Nitamwonyesha yeye, moja moja. Ile atakayoikataa, iondoe. Akizikubali, ziweke."

"Unamfanya yeye kuwa hakimu?"

"Akiridhika yeye, wale wengine wataridhika. Hapana mtu aliyekataa kuniamini kuliko yeye."

Daktari alicheka kwa mara ya kwanza, akaomba apewe Austine. Waliyozungumza wao wawili hayakusikika, ila Austine alirudi chumbani ameinamisha kichwa kama mwanafunzi, akavuta kiti.

Jumwa alianza na alama ya kumi na nne, ambayo Austine alikuwa ameipitisha kuwa safi. Akamsomea kutoka katika daftari: Aprili, mwaka uliopita, upana milimita tatu. Akampa rula. Austine akapima, akapima tena, akafuta kioo chake kwa ncha ya shati, akapima mara ya tatu.

"Tano na nusu," alisema.

"Nyota gani hukua milimita mbili na nusu kwa mwaka, bwana?"

Austine aliondoa saa mkononi na kukunja mikono ya shati. Jumwa akamfundisha kulala ubavu mezani ili mwanga upite chini ya macho yake, na hapo akaziona nywele. Akamfundisha kutazama pembeni kidogo ya kitu hafifu, badala ya kukikodolea macho, kwa kuwa jicho huona vilivyofifia vizuri zaidi likijifanya halivitaki. Walifanya alama thelathini kabla ya jua kutua. Walianza tena saa kumi na mbili asubuhi, na Rai akavunja sheria aliyokuwa akiiogopa kwa kuingiza chai mpaka ndani.

Walipofika kwenye ya sitini na tatu, Jumwa alimwacha aitafute mwenyewe. Ilimchukua muda mrefu. Alipoipata alisema inaweza kuwa alama ya maji, filamu ilipokaushwa, kwa kuwa maji hukauka kwa duara. Jumwa alikiri kwamba inaweza. Alikuwa ameliogopa neno hilo tangu jana. Ndipo Austine, huku bado ameinama, alipouliza iwapo filamu ile, ya ishirini na mbili, inaingiliana na jirani yake, maana zilipigwa zikilaliana ukingoni kama vigae.

"Hebu nipe ya ishirini na tatu," alisema.

Jumwa hakuwa amewahi kufikiria hivyo. Katika daftari lake kila filamu ilikuwa shuka lake peke yake. Alimpa. Austine akapima kutoka nyota hadi nyota, akasogeza kioo, akasimama. Kisha akasogea pembeni akamwachia nafasi. Pale pale, kwenye ukingo kabisa, palipokuwa pagumu kupaona, pete ilikuwapo tena, imeachia upande ule ule kama kwenye ile ya kwanza.

"Maji hayawezi kukauka mara mbili mahali pamoja angani," Austine alisema. Akaongeza, "Samahani, mama Jumwa. Kwa lile neno la jana."

"Lipi?"

"La kufulia."

"Hilo ni kweli," alisema Jumwa. "Endelea, saa nne hiyo."

Zikapatikana mbili ambazo Jumwa mwenyewe, alipozitazama upya, aliziondoa. Hakuwa tena na hakika nazo, na hakutaka kuokolewa na huruma. Ikapatikana moja, ya themanini na nane, aliyoiandika kuwa kawa, ambayo Austine alimkatalia. Haikuwa na nywele, na ilionekana katika filamu mbili. Jumwa alilala ubavu juu ya meza kwa muda mrefu. Alipoinuka alisema kwamba angekuwapo Bi Chiku angemzaba kofi, akalikata neno lake mwenyewe kwa mstari mmoja ulionyooka na kuandika jingine juu yake. Zikawa sabini. Saa tano na dakika arobaini faksi ya posta ya Ukunda ilizimeza kurasa tatu.

Majibu ya mkutano yalichukua miezi. Katika sabini zile, arobaini na sita zilikuwa zimekwisha kuonekana na vikundi vingine, na hilo lenyewe lilinyamazisha maswali ya unyevu. Tisa ziliachwa kuwa za mashaka. Kumi na tano zilikuwa mpya. Darubini kubwa ya kusini ilielekezwa kwenye ile ya sitini na tatu kwa usiku mmoja, ikaiona pete, na katikati yake ikakiona kiini cha nyota kongwe iliyokwisha kuvua kila kitu. Barua ya kueleza hayo iliandikiwa Daktari Milcah na Bwana Austine. Haikumtaja mtu mwingine, kwa kuwa watayarishaji wa orodha walikuwa wameuliza huyo Jumwa Tsofa ni wa taasisi gani, na walipojibiwa, walidhani ni mzaha. Daktari aliwaandikia barua ya kurasa nne ambayo nakala yake ingefaa kufundishwa. Austine, kwa upande wake, aliulizwa jambo dogo: mwangalizi aieleze alama ya sitini na tatu kama alivyoiona kwenye filamu kwa mara ya kwanza, maelezo hayo yachapishwe. Akawajibu kwamba mwangalizi si yeye, na kwamba maelezo yatachelewa kwa sababu lazima ayafuate Diani.

Alishuka mwezi wa Julai. Hoteli ilikuwa inafunguliwa. Mafundi walikuwa wakipaka chokaa kuta za nje, bwawa limekaushwa, ngedere wametolewa ghorofa ya pili kwa makelele, na wanawake wapya wa sare walikuwa wakipita chumba cha mashuka wakichukua marundo kwa marundo. Filamu zilikuwa zimekwisha kufungwa katika masanduku mapya yenye mpira ukingoni, tayari kwa safari ya Nairobi. Meza ya kioo ilikuwa imerudi kwa vitambaa. Jumwa alikuwa ameomba nusu siku, na msimamizi mpya, asiyejua kisa, alimpa bila furaha.

Walikaa kwenye benchi la kuanikia, nje, palipokuwa na kivuli. Jumwa alikuwa ameyapanga maneno yake tangu usiku. Akasema pole pole, naye Austine akaandika kwa Kiswahili kwanza, kama alivyotaka mwenyewe, ili atafsiri baadaye kwa utulivu.

"Pete hii ni hafifu kuliko zote nilizoziona," alianza Jumwa. "Ni nyembamba. Upande wa mashariki imefumuka."

Kalamu ya Austine ilisimama.

"Umesema imefumuka. Ni kukatika?"

"Ingekatika ningesema imekatika."

"Basi nieleze. Nisije nikaandika langu."

Jumwa alilitafuta kapuni shuka lililochakaa, akalivuta pindo mpaka nyuzi zikaanza kuachiana moja baada ya nyingine, kila moja ikiwa bado imeelekea ilikotoka. Austine alitazama, akauliza iwapo ncha zilionekana zikitawanyika kwa nje au zikirudi ndani, akajibiwa, akaandika. Kisha akauliza kuhusu neno hafifu, iwapo lilikuwa hafifu la rangi au la unene, na Jumwa akamwambia hilo ni swali zuri, asubiri kidogo alifikirie. Adhana ya alasiri ilipotoka msikitini walikuwa wamemaliza mistari minne.